Njia ya Mikanju Nilimwonyesha Mwenyewe

Kazi yangu ilikuwa kualika. Siku zile, huko Changamwe, Mikindani na Jomvu Kuu, mwenye harusi hakuandika kadi. Aliniita mimi, mwalishi. Ataniketisha mkekani, atanitajia siku na saa, kisha ataanza kunitajia nyumba, na mimi nasikiliza tu. Kusoma sikujua. Nyumba nilizishika kwa miti: penye mstafeli, penye mkwaju uliopinda, penye mzambarau unaotia madoa kanzu za watu. Nyumba mia na arubaini nilikuwa nazo kichwani, na kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kuruka hata moja.

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hili. Kwetu sisi, harusi ambayo hukualikwa kwa mdomo, mlangoni pako, huendi, hata kama ni ya jirani unayeazima chumvi kwake, hata kama moshi wa pilau yake unaingia dirishani mwako. Utafunga dirisha na utanuna. Utanuna mwaka, miaka miwili, na wajukuu wako watanuna bila kujua sababu. Na aliyealikwa ndiye aliyealikwa. Neno la mwalishi likishatoka mlangoni halirudishwi. Mwenye harusi akiona sura asiyoijua amesimama uani kwake ananawa mikono, atasema karibu, ataongeza mchele.

Watu wa kisiwani wakivuka kuja huku ng'ambo hudhani Mombasa yote ni bapa kama sinia. Huku kwetu ni kupanda na kushuka. Ukitoka nyumbani kwangu Changamwe, mgongoni pa mlima, unavuka barabara kuu ya malori, unapita Mikindani, unateremka bonde mpaka kwenye mikoko ya hori, kisha unapanda tena kwenda Jomvu Kuu, na huko juu ukigeuka unaona ulikotoka kama umetoka nchi nyingine. Njia za kwenda Jomvu ni tatu. Iko ya vumbi, ya kila mtu. Iko ya makaburini, ina kivuli kizuri lakini kuna watu hawaipendi. Na iko njia ya mikanju, katikati ya mikorosho mikubwa ya zamani, matawi yamelala chini mpaka upite umeinama, na baada ya masika ukoka unakufika magotini. Hiyo ilikuwa yangu na ya mbuzi.

Mume wangu Shee alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kuketi. Akirudi nyumbani alipumzika kuketi kwa kule kwa kuketi huku. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na tisa, tuna mwana mmoja yuko Uarabuni, na katika miaka yote hiyo sikumwona Shee akienda dukani kwa miguu yake. Sabuni ikimwisha alisubiri mpaka nirudi mimi.

Mwaka wa themanini na saba daktari akamwambia ana sukari, na asipotembea kila siku atakatwa mguu. Alirudi nyumbani akalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hatimaye kulikuwa na jambo ninalolijua kumpita yeye.

Wiki nzima nilimtembeza kama mtoto anayesimama dede. Nilimwonyesha vilima vyangu kama mtu anayeonyesha vyombo vyake vya udongo. Shee hakujua kitu. Hatua mia tatu kutoka mlangoni petu alisimama akauliza, "Huu mti gani?"

"Mkanju, Shee. Umekula korosho zake miaka arubaini na tisa."

"Kumbe huwa mkubwa hivi."

Bondeni aliacha kiatu kimoja matopeni, kaa wakakichungulia. Alipofika juu Jomvu alikuwa anahema kama mtu aliyebeba gunia, nikamwonea huruma, nikasema, "Hapa pana nyumba ya Bi Nana, yule mjane wa marehemu Omari. Tuombe maji."

Nilimpeleka mwenyewe. Nilibisha hodi mwenyewe. Bi Nana akamwita binti yake Zubeda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa ameachika na kurudi kwa mamake, na Zubeda akaleta maji ndani ya gilasi, gilasi juu ya sahani, sahani juu ya kitambaa. Miaka kumi na miwili nilibisha hodi nyumba ile, na siku zote nililetewa kata.

Wiki ya pili Shee aliniambia nisijichoshe, njia ameijua. Wiki ya tatu alipaka ndevu hina. Wiki ya nne akaanza kujifukiza udi kabla ya kutoka.

"Udi wa nini," nikamuuliza, "na unakwenda kwenye miti?"

"Daktari amesema mtu akinukia vizuri hutembea kwa moyo."

Nikaamini. Na kwa nini nisiamini? Sukari ilikuwa imeshuka, tumbo limepungua, anaimba akioga. Nilizunguka milima yote nikiwasimulia wanawake wenzangu maajabu ya kutembea, nikiwahimiza wawatoe waume zao ndani. Wawili watatu walinitazama kwa namna, nikadhani wananionea kijicho.

Kisha Bi Nana akaniletea salamu niende kwake. Nikashika njia yangu ya mikanju, nikashangaa kuona ukoka umelala chini na njia imepanuka kama ya ng'ombe. Nikasema moyoni, mbuzi mwaka huu wamezaana.

"Shikamoo, Bi Nana."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Zubeda, mletee Mwanatumu maji."

Yakaja kwa gilasi, juu ya sahani. Nikajua leo kuna jambo.

"Zubeda anaolewa," Bi Nana akasema. "Jumapili ijayo, baada ya alasiri, nikahi na karamu hapa hapa uani. Na mwalishi nimtakaye ni wewe, sitaki mwingine. Lakini kwanza nikuulize, na usinifiche. Moyo wako una radhi?"

Nilidhani ananiuliza habari ya jua na vilima. "Bi Nana, moyo wangu una radhi na miguu yangu ina radhi. Hii si ndiyo kazi yangu?"

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Wallahi, wanawake kama wewe wamekwisha."

"Wako, Bi Nana. Hawapendi kutembea tu."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka, akasema Mungu amenipa moyo na mzaha pamoja. Nikamuuliza jina la bwana harusi, maana milangoni huulizwa. Akaweka kidole mdomoni. "Hilo usilitaje, mwanangu. Wewe hasa, haipendezi. Sema ni mtu wa heshima, yatosha."

Nikaona ni sawa. Wako watu huficha jina mpaka siku yenyewe, kwa kuogopa jicho la hasidi. Zubeda alikuwa amesimama pembeni ya mlango anatazama viatu vyangu. Nilipoinuka akasema, "Ahsante, dada." Sikuwahi kuwa dada yake kabla ya hapo.

Jumatatu nikaanza. Maneno yangu yalikuwa yale yale kila mlango: "Hodi wenye nyumba. Bi Nana wa Jomvu awasalimu, na Jumapili baada ya alasiri mumfikie kwake, ana furaha ya binti yake Zubeda." Kwa kawaida watu huniitikia, huniuliza nguo gani zitavaliwa, na mimi huyo. Safari hii haikuwa hivyo. Mke wa maalim alinishika mkono hakuuachia.

"Umekuja mwenyewe?"

"Nimtume nani?"

"Subhana Llah," akasema, akaniletea mahamri na mbaazi.

Nyumba iliyofuata, kaimati. Iliyofuata, mama mmoja ambaye hajawahi kunikaribisha ndani alinibusu kipaji cha uso. Penye mstafeli nilifungiwa stafeli tatu. Adhuhuri sikuweza kupanda kilima kwa kushiba, nikalala chini ya mkanju mpaka alasiri, nikiwaza kwamba hatimaye watu wameijua thamani ya kazi yangu. Siku tatu nilizunguka hivyo, kichwa juu, nyumba tisini na sita.

Jumatano jioni nikafika kwa Milcah. Milcah ni mtu wa bara, akiuza mboga kando ya barabara Magongo, na Bi Nana alikuwa amemweka katika orodha kwa sababu hununua kwake. Nikamwambia maneno yangu. Akanitazama.

"Mama, nilisikia jana sikuamini. Sasa leso ya zawadi nimpe yeye ama nikupe wewe?"

"Unipe mimi, kwani naolewa mimi?"

"Hapana. Lakini mzee si ni wenu nyote."

"Mzee yupi?"

Milcah akaweka chini fungu la sukuma wiki. Mtu wa kwetu angegeuza maneno, angeniuliza hali ya mwanangu huko Uarabuni, angeteleka chai. Milcah husema kama anavyokata kabeji. "Mzee Shee. Anaoa Zubeda Jumapili. Mama, si wewe ndiye unaalika?"

Nikaketi juu ya gunia la kabeji. Mbele yangu ikapita milango yote tisini na sita, mmoja mmoja, na miti yake. Mahamri yale. Kaimati zile. Busu la kipaji. Kumbe walikuwa wakitazama mwanamke anayepanda mlima kwa mlima akialika watu waje waone mwenzake akiingia.

"Kwetu," Milcah akasema, "ungechoma nyumba."

"Nyumba ni yangu," nikamwambia. "Ya marehemu baba."

Sitasema kuoa kwake ndiko kulikoniuma. Sharia inampa nafasi, na wanaume wa Changamwe waliooa wa pili ni wengi kuliko mikanju. Lakini kila mlango uliambiwa na mimi, na mimi sikuambiwa na mtu. Hata mbuzi wa bondeni walijua. Nikataka kitu kimoja tu katika dunia: Shee asimame mbele yangu aniambie kwa kinywa chake. Basi. Nikampa mpaka Jumapili.

Jioni ile nikampikia maharagwe. Alikuwa ametoka matembezini, anaosha miguu.

"Leo umefika wapi, Shee?"

"Mpaka kule bondeni. Hewa nzuri sana."

"Una la kuniambia?"

Akafikiri. "Haya maharagwe yamepungua chumvi kidogo."

Alhamisi nilimaliza nyumba arubaini na nne zilizobaki, kwa sababu jina langu ni langu na siruki nyumba kwa ajili ya Shee. Nilipomaliza jua lilikuwa bado juu. Nikatazama Mikindani yote imetanda mbele yangu, mabati yanametameta mteremkoni, na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaalika. Nikaingia mlango wa kwanza. Nikaingia wa pili. Kwa saa nne nilialika mteremko mzima, mafundi, makuli, na kundi la akina mama wa kanisa waliokuwa wakijifunza kuimba chini ya mwarobaini. Mkubwa wao, Pascalia, akauliza kama waje na sare zao. Nikamwambia waje nazo.

Jioni nikamuuliza Shee, "Una la kuniambia?"

"Kanzu yangu nyeupe iko wapi?"

"Ya nini?"

"Jumapili kuna maulidi mahali."

Nikaipiga pasi.

Ijumaa nikavuka mpaka Kisauni. Magogoni nina jamaa za mama, nikawaalika wao na majirani zao na waliokuwa wakipita. Kurudi nikapitia Nyali, ambako nilikuwa sijawahi kutembea kwa miguu, na nikaona anayetembea ni mimi peke yangu. Majani yamekatwa mafupi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa, maua yamemwagika juu ya kuta, kivuli kila mahali, na hakuna mtu anayekaa ndani yake. Nikabisha geti moja. Akatoka bawabu, jina lake Kioko, ana koti zito na rungu.

"Jina lako limeandikwa?" akaniuliza. "Umealikwa na nani?"

"Mimi sikualikwa, baba. Mimi ndiye naalika. Bi Nana wa Jomvu akusalimu."

"Anisalimu mimi?" Akatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine. "Ananijua?"

"Atakujua Jumapili."

Kioko akasogea karibu. "Mama, miaka tisa nimefungulia watu wanaenda karamu. Nawauliza, umealikwa na nani, wananiambia, nawafungulia. Hakuna hata mmoja aliniambia mimi karibu." Akashusha rungu. "Nije peke yangu ama na wenzangu?"

"Wenzako wangapi?"

"Barabara hii, kumi na saba."

"Waje."

Jioni nikamuuliza Shee, "Una la kuniambia?"

"Mbona siku hizi warudi umechoka hivi?"

"Natembea. Daktari alisema kuna faida."

Jumamosi nikavuka feri mpaka Likoni, nikapanda mpaka Bofu. Huko walikuwa hawamjui Bi Nana hata kwa jina. "Ni nani huyo?" waliniuliza, nikawaambia ni mama mwenye furaha ambayo hawezi kuimaliza peke yake. Mgema mmoja, Ngowa, alinisikiliza akiwa juu ya mnazi, akauliza kutoka huko huko kama aje na ngoma. Niliporudi nyumbani, miguu imevimba, Shee alikuwa amelala mapema kwa sababu kesho yake ana maulidi.

Bi Nana alikuwa amepika kwa watu mia nne. Namwambia kila mtu, na yeye nimemwambia, kwamba Bi Nana nilimkosea. Alipoanza kuona watu wakimiminika kutoka njia zote tatu alifurahi, akasema Zubeda ana nyota. Mikindani ilipoingia nzima akaanza kuhesabu masinia. Akina Pascalia walipopanda kilima wamevaa sare za buluu na vitambaa vyeupe, wakiimba, akanitazama.

"Mwanatumu, hawa ni nani?"

"Walioalikwa, Bi Nana."

"Niliwataja?"

"Hukuwataja. Niliwaalika."

Naye ni mtu wa kwetu, anajua neno la mlangoni halirudishwi. Akavuta pumzi, akawaambia karibuni, akaamuru maji zaidi yatiwe kwenye mchuzi. Saa kumi na moja pilau ilikuwa imekwisha. Saa kumi na moja na robo Milcah, ambaye hapotezi wakati, alikuwa amefungua magunia yake mwenyewe uani kwa Bi Nana, na ndiyo ikawa harusi ya kwanza katika Jomvu Kuu watu kuketi kwenye majamvi wakala ugali na sukuma wiki. Wengine waliomba kuongezewa.

Mabawabu wa Nyali walifika kumi na wanane, koti na rungu. Mimi niliwaambia waketi. Kioko akaketi, akatazama lile pengo la ua wa makuti ambapo watu huingilia, akainuka. Hakuweza kuona mlango hauna mtu. Akasimama hapo, wenzake wakajipanga upande huu na huu, na kila anayekuja anaulizwa, "Umealikwa na nani?"

"Na Mwanatumu."

"Pita."

Wote walijibu hivyo, na wote ilikuwa kweli.

Bwana harusi wa kwetu huja na watu. Huja na matwari yakipigwa, na wazee, na wanawake wa upande wake wanapiga vigelegele. Shee, kwa kuwa alikuwa anajificha, alikuja na makarani wawili, na walikuja kwa njia ya mikanju, kwa hivyo ile kanzu niliyoipiga pasi ilikuwa imejaa mbegu za nyasi zile zinazong'ang'ania.

"Umealikwa na nani?" Kioko akamuuliza.

"Mimi sialikwi. Mimi ndiye bwana harusi."

"Mzee, leo nimeshapata wajomba wanne wa bibi harusi. Watu wako wako wapi? Ngoma yako iko wapi?"

Ngowa alisikia neno ngoma, akaanza kupiga.

"Nyamaza kidogo," Kioko akamwambia. Akanigeukia mimi. "Mama, huyu mzee ulimwalika?"

Ngoma ikanyamaza. Akina Pascalia wakageuka. Dirishani kulikuwa na vichwa vya wanawake kama nazi kwenye tenga.

"Sikumwalika," nikasema.

"Humjui?"

"Namjua. Ni mume wangu. Lakini sikumwalika."

Shee akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwanatumu, tafadhali. Watu wanatazama."

"Wanatazama kwa sababu hao nimewaalika. Mwambie Kioko umekuja kufanya nini, akufungulie. Ndiyo kazi yake."

"Kila mtu anajua nimekuja kufanya nini."

"Mimi sijui. Mimi sikuambiwa."

Hapo Bi Nana akatoka ndani, leso imemwanguka begani. "Hukuambiwa? Shee, si ulinikalia hapa barazani, ukaniambia ameridhia? Si ulisema yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aalike?"

Shee akatazama viatu vyake. Nikaona kimoja bado kina tope la bondeni, na nikakumbuka siku ile kaa walipokichungulia. Nilikuwa nimemtolea kile kiatu matopeni kwa mkono wangu.

"Mwanatumu," akasema. "Nimekuja kumwoa Zubeda."

"Sauti, mzee," Kioko akasema. "Wa nyuma hawasikii."

"Nimekuja kumwoa Zubeda," Shee akasema kwa sauti, na kwa kuwa Jomvu iko juu ya kilima, sauti ilikwenda mpaka kwenye mikoko.

"Nimesikia," nikamwambia. "Kioko, mpishe."

Akaoa. Ndani, sinia ya bwana harusi ilikuwa haina kitu ila halwa, na halwa daktari amemkataza. Wanasema aliketi anaitazama mpaka magharibi. Mimi sikuingia. Nilishika njia ya vumbi, ya kila mtu, nikarudi nyumbani polepole.

Siku ya pili nikapeleka neno kwamba nataka talaka yangu, na aje anipe. Hakuja. Alituma barua ya talaka. Kwa kuwa sikujua kusoma ikabidi nipande nayo mlima mpaka kwa Milcah, akanisomea kati ya wateja wawili wa nyanya. Nilikuwa nimemfundisha mtu yule kutembea, na hatua za kufika mlangoni pangu zimemshinda. Mwaka ule ule nikajiandikisha masomo ya ngumbaru, ili barua nyingine ya namna hiyo niisome mwenyewe. Ndipo nilipojifunza kuandika haya.

Nilidhani hakuna atakayeniita tena kualika. Bi Nana mwenyewe alipanda mpaka kwangu baada ya wiki, anahema, kuniomba radhi, nami nikamwomba yangu, tukanywa chai hatutazamani. Lakini watu walikuwa wamesema, na wanasema mpaka leo, kwamba hakujawahi kuwa na harusi iliyojaa kama ile. Mpaka miaka ya tisini, kadi zilipoanza kuletwa kutoka mjini, wenye harusi waliniita kwanza mimi, ila wote walimaliza kwa maneno mamoja: "Hao niliowataja tu, Mwanatumu. Hao tu." Wachache huniita mpaka leo, nami siongezi. Ila Kioko. Kioko nilimwalika kila harusi mpaka aliporudi kwao, na hakuketi hata moja.

Shee anakaa Jomvu. Nami uzee umeniletea sukari, na yake imeshuka kuliko yangu. Daktari bado anamtembeza, na jioni hupanda mpaka penye kalavati la barabara kuu, mahali njia yangu inapopita, huketi hapo juu ya saruji anahema. Nikipita na buibui langu hunisalimu, na mimi huitikia, maana salamu ni haki ya kila mtu.

Juzi akaniuliza, "Mwanatumu, leo unaalika wapi?"

Nikamwambia, "Ukialikwa, utajua."